Tangazo la Alama Thelathini katika Somo la Insha

Kila mwalimu wa insha katika shule ya msingi anajua jinsi watoto wanavyopenda urefu. Mtoto wa darasa la sita akiambiwa aandike juu ya soko la kijijini kwao, huanza na kuchomoza kwa jua. Ni mara chache sana anapopewa zoezi linalomlazimu kuchagua neno moja na kuacha kumi. Makala haya yanapendekeza zoezi la namna hiyo. Asili yake ni biashara ya intaneti, yaani matangazo mafupi yanayotokea pamoja na majibu pale mtu anapotafuta jambo katika mtambo kama Google.

Kabla ya kuingia darasani yafaa mwalimu mwanafunzi aelewe utaratibu wenyewe. Mnamo mwaka 1998 kampuni ya Marekani iliyoitwa GoTo.com, iliyoanzishwa na Bill Gross, ilianza kuuza nafasi za matangazo kwa mnada. Mwenye tangazo hakulipa kwa kuonekana kwake, bali alilipa kila mara mtu alipolibofya. Aliyetaja bei kubwa ndiye aliyewekwa juu. Google ilianza kuuza matangazo yake mwezi Oktoba 2000, na mwezi Februari 2002 nayo ikachukua utaratibu wa kulipia kila mbofyo. Hata hivyo, haikutazama bei peke yake. Ilihesabu pia ni mara ngapi watu hulibofya tangazo wanapolionyeshwa. Mpaka leo nafasi ya tangazo hutegemea bei pamoja na ubora: je, laelekea kubofywa, lajibu maneno yaliyotafutwa, na ukurasa unaofunguka wamfaa msomaji? Kwa hiyo fundi mwenye fedha kidogo aliyeandika vizuri aweza kukaa juu ya tajiri aliyeandika ovyo. Sijui kazi nyingine ambamo sentensi nzuri hupunguziwa bei waziwazi namna hii.

Vipimo ni vikali. Kichwa cha tangazo kisizidi alama 30, na maelezo yasizidi alama 90. Alama maana yake ni kila herufi, tarakimu na kituo, hata nafasi iliyo kati ya neno na neno. Mwandishi huruhusiwa kutoa vichwa mpaka 15 na maelezo mpaka manne, kisha mtambo huchagua wenyewe vichwa visivyozidi vitatu na maelezo yasiyozidi mawili. Kwa kuwa hajui vipi vitakaa pamoja, kila kichwa hakina budi kusimama peke yake.

Tuchukue mfano wa fundi cherehani wa Morogoro anayeshona sare za shule. Mzazi ameandika katika simu yake: sare za shule Morogoro. Fundi asiyefikiri ataandika, "Tunashona sare nzuri za shule kwa bei nafuu". Hizo ni alama 43, zimezidi kipimo kwa 13. Lakini kosa kubwa si urefu. Neno "nzuri" na neno "nafuu" husemwa na kila fundi, na kwa hiyo hayamwambii mzazi lolote. Mji alioutaja mzazi nao umeachwa. Sasa tuandike, "Sare za Shule, Morogoro", alama 23; na kichwa cha pili, "Zashonwa kwa Siku Tatu", alama 22. Maelezo yawe: "Suruali, sketi na mashati kwa vipimo vya mtoto. Bei yaanzia shilingi 15,000. Agiza leo." Hizo ni alama 87. Mzazi ameyaona maneno yake mwenyewe, muda, bei na jambo la kufanya.

Bei hiyo ina kazi ya pili. Asiyekuwa na shilingi 15,000 hatabofya, na fundi hatamlipia. Hapa somo la hesabu laingia. Tuseme kila mbofyo ni shilingi 200. Tangazo la jumla limebofywa mara 80, wakapatikana wateja wawili: fundi ametoa shilingi 16,000, yaani 8,000 kwa kila mteja. Tangazo lililo wazi limebofywa mara 50, wakapatikana wateja watano: ametoa 10,000, yaani 2,000 kwa kila mteja. Tangazo lililovuta watu wachache ndilo lililomfaa. Watoto wa wachuuzi na mafundi wataelewa upesi, maana shilingi 6,000 ikipotea kwa kila mteja, faida ya shati imekwisha.

Kwa sababu hiyo hiyo mwandishi hutaja maneno asiyotaka tangazo lake litokee yanapotafutwa. Anayetafuta "kujifunza kushona sare" si mteja wa fundi huyu, wala anayetafuta cherehani ya kununua.

Zoezi lenyewe halihitaji kompyuta. Mwalimu akate vipande vya manila, achore katika kila kimoja vyumba 30, na kila alama ikae chumba chake. Mtoto mmoja awe mtafutaji. Aandike maneno matatu au manne ya haja yake. Wanne waandike vichwa bila kuonana, kisha mtafutaji achague kimoja. Wa sita ashike karatasi ya "ukurasa", yenye bei na maelezo ya duka. Mtafutaji akigeuza karatasi hiyo na kukuta tangazo lilisema siku tatu ilhali ukurasa wasema wiki mbili, kikundi kimelipa bure.

Tegemea mabishano juu ya hesabu. Watoto waliozoea silabi watasema "sh" ni sauti moja, na kweli ni sauti moja, lakini vyumba ni viwili. "Ng'ombe" huchukua vyumba saba pamoja na kile king'ong'o chake. Usiruhusu "2nashona" wala vifupisho vya simu; badala yake waonyeshe nguvu ya kitenzi cha Kiswahili. "Tutakushonea" ni alama 12 tu, nayo ina mtendaji, wakati, mtendewa na tendo. Alama ya mshangao nayo isitumike kichwani. Google yenyewe huikataza hapo, kama inavyokataza herufi kubwa zinazopiga kelele, jambo ambalo walimu wa Kiswahili wamelidai miaka mingi bila msaada.

Katika kusahihisha, maksi kumi zaweza kugawanywa hivi: nne kwa kujibu maneno ya mtafutaji, tatu kwa jambo mahsusi kama bei au muda, mbili kwa kulingana na ukurasa, na moja kwa tahajia. Aliyezidi chumba cha 30 arudishiwe kipande chake akipunguze, hata kama kengele imelia.