Asali inakaribia kuiva: tia mizinga alama kabla mwizi hajatangulia kurina

Alizeti za Singida na Dodoma zimeanza kuinamisha vichwa na mvua zinaelekea ukingoni. Nyuki waliokusanya nekta tangu maua yachanue sasa wanaziba masega kwa nta, dalili kwamba asali inaiva. Majuma machache yajayo ndiyo ya kurina. Mwenye mizinga analijua hilo, na mwizi analijua vilevile.

Leo naandika kwa ajili ya mkulima mwenye mizinga mitano au kumi pembezoni mwa shamba lake, asiye na uwezo wa kuajiri mlinzi. Amefuata ushauri wetu sisi maofisa ugani: ametundika mizinga jirani na alizeti ili nyuki wachavushe, akaiweka mbali na nyumba, shule na njia za mifugo ili asidhurike mtu. Ushauri huo ni sahihi, lakini una gharama ambayo hatuisemi vya kutosha. Mzinga ulio mbali na watu uko mbali na macho pia. Nyuki wetu ni wakali mchana, ila mwizi haji mchana. Huja usiku wa baridi na kienge cha nyasi, akachoma nyuki mlangoni, akakata masega yote, mabivu na mabichi, akaondoka na ndoo. Ndoo ya lita 20 hubeba kilo 28 hivi za asali, na hiyo inaweza kuwa kazi ya mizinga miwili au mitatu kwa msimu mzima. Wengine hawahangaiki hata kurina: wanaziba mlango kwa kitambaa na kubeba mzinga mzima, hasa wa sanduku, kwa kuwa sanduku lenyewe lina mnunuzi.

Ukikuta mzinga umevurugwa, usikimbilie kumtuhumu jirani. Chunguza mti kwanza. Nyegere huangusha mzinga, huupasua, huacha mikwaruzo ya kucha kwenye gome na masega yaliyotafunwa yakiwa yametapakaa, kwani naye anapenda majana, yaani watoto wa nyuki, kama anavyopenda asali. Binadamu huacha masega yaliyokatwa kwa kisu, masizi mlangoni, majivu ya nyasi chini ya mti, na mara nyingi kifuniko kilichowekwa pembeni kwa utaratibu. Nimeona ugomvi wa majirani ukiwaka kwa sababu ya nyegere, na ugomvi wa namna hiyo hudumu kuliko msimu wa asali.

Mzinga mzima ukiwa umetoweka, rudi pale asubuhi jua likishapanda na utazame tawi ulipokuwa. Nyuki hukumbuka mahali, si sanduku. Mzinga ukihamishiwa ndani ya eneo wanalozoea kurukia, yaani kilomita tatu hivi, wale wanaotoka kutafuta chakula hurudi kwenye kituo chao cha zamani na kujikusanya hapo. Konzi moja ya nyuki inaweza kuwa ni wale waliolala nje tu. Lakini wakiendelea kuongezeka kadiri mchana unavyosogea, kuna uwezekano mkubwa kwamba mzinga wako haujatoka kijijini wala kijiji jirani. Mweleze hilo mtendaji wa kijiji siku hiyo hiyo, maana litamsaidia kujua pa kuanzia.

Hata hivyo, mzinga ukipatikana, swali la kwanza utakaloulizwa ni hili: una uthibitisho gani kwamba ni wako? Hapo ndipo wakulima wengi wanapopoteza mali yao mara ya pili. Sanduku la mbao lisilo na alama linafanana na masanduku yote yaliyotoka kwa fundi yule yule. Kwa hiyo kazi ya msimu huu, ukiniuliza mimi, ni alama kabla ya kufuli. Pasha chuma moto uchome herufi na namba ubavuni mwa kila mzinga, kisha urudie alama hiyo mahali pasipoonekana: upande wa ndani wa kifuniko, na kwenye ncha ya kila kibao cha juu kinachobeba sega. Rangi inakwanguliwa na kupakwa upya, ubao wa nje unabadilishwa, lakini ni mwizi gani atakayekumbuka kukagua vibao zaidi ya ishirini, kimoja kimoja? Fanya kazi hii kabla nyuki hawajaingia, au siku ya kurina, kwa vibao unavyovitoa. Usiwafungulie nyuki kwa ajili ya alama tu.

Wazee walilijua hili. Wakamba wa Kenya walitia alama ya ukoo kwenye mizinga yao ya magogo, kama walivyotia alama mishale ya kuwindia, ili kila aionaye ajue mwenyewe ni nani. Mzinga ungeweza kukaa porini mwendo wa siku nzima kutoka nyumbani, na bado ukawa na mwenyewe anayejulikana.

Alama peke yake haitoshi bila daftari. Andika namba ya mzinga, aina yake, mti ulipo, siku nyuki walipoingia na kilo ulizorina. Piga picha kwa simu, kisha mwonyeshe mwenyekiti wa kitongoji orodha hiyo na umwombe aweke saini. Nusu saa hiyo ndiyo itakayokubeba kituo cha polisi. Ukienda kuripoti, hakikisha unapewa namba ya RB, yaani kumbukumbu ya taarifa yako polisi, na uihifadhi hata kama unaona hakuna kinachoendelea. Wizi ni kosa la jinai, na kifungu cha 265 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinaruhusu kifungo cha hadi miaka saba. Sheria ipo. Kinachokosekana mara nyingi ni mlalamikaji mwenye ushahidi.

Sasa niseme na wanunuzi, kwa sababu bila wao mwizi angebaki na ndoo yake. Asali iliyoibwa usiku hujitambulisha. Ina harufu kali ya moshi, ina vipande vya masega ya majana, na huwa nyepesi kwa sababu masega mabichi yamekamuliwa pamoja na mabivu. Viwango vya kimataifa vinataka asali ya kawaida isizidi unyevu wa asilimia 20, na iliyo juu ya hapo huchacha dukani. Anayenunua ndoo ya namna hiyo kwa bei ya kutupa amejinunulia hasara, na kupokea mali ya wizi huku ukijua nako ni kosa la jinai. Vikundi vya wafugaji nyuki vikubaliane na wanunuzi wa eneo lao juu ya jambo moja: hakuna ndoo inayopimwa bila jina la muuzaji, kijiji chake na namba za mizinga kuandikwa kwenye daftari. Mfugaji halali hatachukia kuulizwa.

Rina kwa wakati. Sega lililozibwa kwa nta kwa theluthi mbili au zaidi limeshakuwa tayari, na kuliacha juu mwezi mzima ukingoja bei ipande ni kumwachia mwizi. Mchovya asali hachovyi mara moja: mzinga ulioguswa mwaka jana utaguswa tena, basi anza na huo. Siku ya kurina usiitangaze kilabuni. Wizi mwingi ninaoletewa taarifa zake umefanywa na mtu aliyejua ratiba, pengine kibarua aliyelipwa vibaya msimu uliopita. Mlipe vizuri anayekusaidia, na umpe asali ya nyumbani kwake.

Hali kadhalika vijana wanaochunga. Hao ndio wanaopita kwenye manzuki yako kila siku, na hakuna kamera itakayowashinda. Huko Marekani wawindaji hufunga kamera kwenye miti ya mashamba yao, na wezi huja wakaiba kamera zenyewe, hadi zikaanza kufungiwa kwenye visanduku vya chuma vyenye kufuli. Mwenye uwezo wa kununua kamera aifunge juu, zaidi ya kimo cha mtu, ikitazama chini. Asiye na uwezo hajapungukiwa kitu. Mwambie jirani mwenye alizeti kwamba nyuki wako ndio wanaojaza vichwa vya alizeti zake pia. Atakuwa na sababu yake mwenyewe ya kushtuka akiona moto kichakani usiku.

Kikundi chenye mizinga mingi kifikirie nyumba ya nyuki, yaani banda lenye mlango wa kufuli na matundu ukutani ambamo nyuki hupita. Humzuia mwizi na nyegere kwa pamoja. Gharama yake ni kubwa kwa mtu mmoja, lakini watu kumi wanaimudu.

Na sasa jambo ambalo naliomba kwa moyo wote. Usitie sumu kwenye sega ili kumkomoa mwizi. Asali hiyo haitaliwa na mwizi, itauzwa, na mtoto wa mtu usiyemjua atapakiwa kwenye mkate. Usitege nyaya wala kuchimba mashimo chini ya mizinga: utamnasa ndama, au mwanao mwenyewe, na nyaya zinazonasa wanyamapori zitakuingiza kwenye Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Mwizi akikamatwa, apelekwe kwa mtendaji na polisi akiwa mzima. Hakuna ndoo ya asali yenye thamani ya uhai wa kijana wa kijijini kwenu, na anayeua kwa kundi huwa ameua.

Safisha pia nyasi kuzunguka kila mti wenye mzinga, upana wa mita tatu au zaidi, kabla ya Juni. Kienge kilichotupwa na mwizi katika nyasi kavu kimeteketeza mizinga ambayo yeye hakuigusa.

Kundi lililoibiwa linaweza kuokolewa ukiwahi. Rudisha kifuniko, ziba nyufa, punguza mlango ubaki wa kupita nyuki wachache ili walinde kilichobaki, na uweke maji karibu. Masega ya majana yaliyoanguka yakiwa mazima, yafunge kwa uzi kwenye vibao vyake na uyarudishe. Usirine hapo tena msimu huu. Kama malkia ameuawa, chukua sega moja lenye mayai kutoka kundi lenye nguvu ulitie humo, na nyuki watajilelea malkia mwingine, ambaye huchukua siku 16 tangu yai hadi kutoka. Waache watulie bila kuwafungua. Baada ya mwezi mmoja fungua jioni, kwa moshi kidogo, uangalie kama kuna mayai mapya. Yakiwepo, kundi limepona. Yasipokuwepo, waunganishe nyuki waliobaki na kundi jingine, safisha sanduku, paka nta ndani na ulitundike tena kusubiri kundi jipya.