Baharia Aliyekuwa Waziri

Katika miji ya bandari, na Mkoani ni mmojawapo, baharia mzee hupewa heshima yake barazani. Huulizwa shauri katika mambo ya mji, maana yadhaniwa kwamba aliyekwisha kuziona tufani hatababaishwa na ugomvi wa sokoni. Desturi hiyo ni njema. Lakini mtu aliyetoka melini akaingia katika kazi ya watu, tumpime kwa kipimo gani? Ili tupate kujifunza, twataka kumtazama mmoja ambaye jina lake limefungamana na kisiwa cha Pemba, naye ni Lloyd Mathews.

Mathews alizaliwa Funchal, katika kisiwa cha Madeira, mwaka 1850, akaingia jeshi la majini la Uingereza mwaka 1863, angali kijana mdogo. Mwaka 1875 aliletwa Unguja kutumika katika manowari London. Meli hiyo kubwa ya mbao ilitia nanga bandarini iwe makao ya mashua zilizowasaka wafanya biashara ya watumwa, kwa kuwa tarehe 5 Juni 1873 Seyyid Barghash alikuwa amekubali mkataba wa kuikomesha biashara hiyo baharini na kulifunga soko la watumwa la Unguja.

Kwa nini mashua hizo zilielekea Pemba mara kwa mara? Sababu yake ni karafuu. Mwaka 1872 tufani kali iliiangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na ya Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa. Basi mashamba ya Pemba yakaongezwa, na wenye mashamba wakataka watu wa kuchuma. Kisiwa hiki kina hori nyingi zilizofichwa na mikoko, na mlango wa bahari unaokitenga na bara una upana wa kilomita 50 hivi, hata jahazi liliweza kuvuka usiku na kujificha kabla ya kupambazuka. Sheria ilikataza, na faida ikaita.

Tarehe 3 Desemba 1881 nahodha wa manowari ile, Charles Brownrigg, alikuwa katika mashua ya moshi karibu na Pemba. Alilisogelea jahazi lililopeperusha bendera ya Kifaransa, bendera ambayo wenye vyombo wengi waliitaka kwa kuwa Ufaransa haikukubali vyombo vyake vipekuliwe na Waingereza. Waliokuwamo wakamshambulia, naye akauawa. Mathews, aliyekuwa akifundisha askari wa Seyyid Barghash tangu mwaka 1877, akaongoza kikosi chake mpaka Pemba. Baada ya mapigano alimkamata mkuu wa jahazi lile, Hindi bin Khattam, ambaye alikufa kwa majeraha yake.

Kama habari ingalikoma hapo, tungalikuwa na hadithi ya shujaa tu. Lakini mwaka 1891 Mathews akafanywa Waziri wa Kwanza wa Serikali ya Zanzibar, na hapo ndipo mtihani wake mgumu ulipoanza. Alisimamia hazina, bandari, forodha na askari. Alikuwa mtumishi wa Sultani kwa jina, lakini Sultani hakuweza kumwondoa bila ridhaa ya Waingereza. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza ziliipiga kwa mizinga jumba la Sultani kwa muda wa dakika 38 hivi, na watu wapatao 500 waliokuwa upande wa jumba wakauawa au kujeruhiwa. Katika siku hiyo Mathews alisimama upande wa wenye manowari.

Kisha ikaja amri ya tarehe 6 Aprili 1897, iliyofuta hadhi ya utumwa kisheria katika Unguja na Pemba. Tuisome kwa makini. Mtumwa hakuamka asubuhi akawa huru; ilimpasa aende mwenyewe mbele ya mahakama kuudai uhuru wake, na kuonyesha kwamba ana mahali pa kukaa na njia ya kujipatia riziki. Mwenye mtumwa alilipwa fidia. Aliyetumikishwa hakulipwa kitu. Masuria waliachwa nje ya amri hiyo mpaka mwaka 1909. Wakuu wa serikali walitaka mambo yaende polepole, wakihofu kwamba karafuu zingekosa wachumaji na hazina ingekauka.

Mathews alikufa kwa malaria huko Unguja tarehe 11 Oktoba 1901, baada ya utumishi wa miaka 26 hivi visiwani. Hatumvunjii heshima tukisema kwamba ujasiri wake wa baharini ulikuwa wa kweli, na kwamba kazi yake ya mezani ilikuwa na deni. Adui aliye mbele ya mashua huonekana kwa macho. Aliye mezani hupambana na hesabu za mapato, na hesabu hazimwonyeshi uso wa mtu anayengoja.

Kwa hiyo, wasomaji wapenzi, tunapompa mzee wa bahari, au askari mstaafu, au mtu ye yote mwenye sifa, kiti katika baraza la mji, tusitosheke na kuuliza alipigana wapi. Tuulize anawajibika kwa nani, na ni nani awezaye kumwondoa. Tena tuulize, ikiwa haki itacheleweshwa ili mapato yasipungue, ni nani atakayebeba mzigo wa kucheleweshwa huko. Katika Pemba ya mwaka 1897 aliubeba mchumaji wa karafuu, ambaye jina lake halikuandikwa katika vitabu. Mji unaokumbuka majina ya manahodha wake hauna budi kumkumbuka huyo pia.