Mitishamba ya kuondoa huzuni: uliza kabla ya kunywa

Mtu akikosa raha, usingizi na hamu ya kula kwa wiki mbili au zaidi, huenda ana sonona. Huo ni ugonjwa, si uvivu wala upungufu wa imani. Wapo wanaoanza kwa mganga, iwe Tarime au Mugumu kule Serengeti.

Hilo si kosa. Sheria Na. 23 ya mwaka 2002 inaitambua tiba asili, na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala husajili waganga na dawa zao pia. Basi cheti cha mganga hakitoshi. Ulizia na usajili wa dawa yenyewe.

Hatari kubwa ni kuchanganya. Huko Ulaya watu hutumia mmea uitwao Hypericum perforatum kutibu sonona isiyo kali. Mmea huo hulifanya ini liondoe dawa nyingine mwilini haraka, hivyo ARV na vidonge vya uzazi wa mpango hupungua nguvu. Ukichanganywa na dawa za sonona za hospitali, unaweza kuleta homa, mtetemeko, hata kifo.

Kwa hiyo zingatia:

1. Mwambie mganga dawa zote unazomeza, na daktari mitishamba yote unayokunywa.
2. Usiache dawa za hospitali ghafla.
3. Mjamzito na anayenyonyesha wasitumie bila ushauri wa mtaalamu.
4. Usinunue dawa isiyo na jina wala kipimo.

Na anayesema anataka kujiua asiachwe peke yake. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.