Ukifika Somme, tazama chini

Treni ya kwenda Amiens huondoka stesheni ya Gare du Nord, Paris, na safari yenyewe ni saa moja na ushei. Wageni wengi kutoka kwetu hawaipandi. Wakishapiga picha chini ya mnara wa Eiffel na kununua manukato ya kupeleka nyumbani, wanahesabu Ufaransa wameimaliza. Anayepanda huona dirishani ngano na bitiruti za sukari, tambarare isiyo na kilima cha kutulizia jicho, na baada ya nusu saa huanza kujiuliza amefuata nini.

Amefuata ardhi. Vya kuonwa katika bonde la mto Somme viko miguuni: tope, chaki, vyuma vya vita, na watu waliozikwa. Tenga siku tatu, chukua viatu ambavyo roho haitakuuma vikichafuka, na koti la kukinga upepo hata kama ni Julai. Viza ile ile ya Schengen iliyokufikisha Paris inatosha.

Onyo moja kabla hujakata tiketi. Kuna stesheni ya treni za kasi iitwayo TGV Haute-Picardie, na mgeni akisoma Picardie hudhani ndiyo Amiens. Siyo. Imejengwa katikati ya mashamba, kama kilomita 40 kutoka mjini, na wenyeji wameibandika jina la stesheni ya bitiruti. Ukishuka pale usiku, bitiruti ndizo zitakazokupokea.

Siku ya kwanza ipe Amiens. Kanisa kuu la Notre-Dame lilianza kujengwa mwaka 1220, na dari yake iko mita 42 juu ya sakafu. Kila mwongozaji atakwambia uinue kichwa. Inua, halafu ukishushe haraka, maana sakafuni kuna mstari wa mawe meusi na meupe unaojikunja na kujirudia ndani ya umbo la pembe nane. Ukiufuata kwa miguu kutoka mwanzo hadi katikati utakuwa umetembea mita 234 bila kutoka eneo ambalo ungelikata kwa hatua chache. Mchoro wa awali uliwekwa mwaka 1288. Huu unaoukanyaga ni nakala ya karne ya 19. Jiwe la katikati lina picha ya askofu pamoja na mafundi watatu waliosimamia ujenzi, Robert de Luzarches, Thomas de Cormont na mwanawe Renaud. Si mara nyingi fundi huwekwa jiwe moja na askofu.

Kutoka kanisani unateremka hadi kwenye mashamba ya majini, hortillonnages kwa jina la huko: bustani zilizochimbuliwa kwenye kinamasi, hekta kama 300, zikikatwa na mifereji ambayo urefu wake kwa jumla ni kilomita 65. Hapaingiliki kwa gari. Unapanda mtumbwi mrefu wenye pua iliyonyooka mbele, unaosukumwa na mota ya umeme isiyo na kelele, na ukipita unaona kabichi za mtu upande huu na viti vya kupumzikia vya mtu upande ule. Wakulima wa kweli wamebaki wachache. Mboga zao huuzwa mjini sokoni Jumamosi asubuhi. Mitumbwi hutembea kuanzia majira ya kuchipua hadi vuli, kwa hiyo anayekuja Januari asahau.

Kwa mtu wa Unguja ipo ziara ya ziada. Jules Verne aliishi Amiens tangu 1871 hadi alipofariki 1905, na nyumba yake yenye mnara wa duara pembeni sasa ni makumbusho. Riwaya iliyompa jina, ya mwaka 1863, inawapandisha wasafiri watatu kwenye puto huko Zanzibar na kuwavusha Afrika hadi Senegal. Yeye mwenyewe Zanzibar hakuwahi kuiona. Mzanzibari akiingia mle ndani ana haki ya kudai angalau kiti.

Siku ya pili ni ya Vita Kuu ya Kwanza, na inataka gari au baiskeli. Mabasi ya vijijini huku hufuata zaidi ratiba ya wanafunzi, na Jumapili karibu hayapo. Kodi gari Amiens, chukua leseni ya kimataifa ya udereva, na kumbuka wanaendesha kulia. Sisi wa kushoto hukosea zaidi asubuhi, barabara ikiwa tupu. Lenga mji wa Albert.

Karibu na kijiji cha La Boisselle kuna shimo. Hakuna neno kubwa zaidi linalolifaa. Tarehe 1 Julai 1916, saa moja na dakika 28 asubuhi, Waingereza walilipua baruti waliyoizika chini ya mahandaki ya Wajerumani, na ardhi ikabaki na bakuli la chaki lenye upana wa mita 100 hivi. Leo limeota majani, na njia ya mbao inalizunguka. Dakika mbili baada ya mlipuko filimbi zilipigwa na askari wakatoka mahandakini. Hadi jua linatua, upande wa Uingereza peke yake ulikuwa umepoteza watu 19,240 waliokufa. Simama ukingoni utazame mashamba upande wa pili, uone jinsi umbali waliotakiwa kuuvuka ulivyo mfupi. Mtoto wa shule angeukimbia kabla kengele haijanyamaza.

Thiepval ni mwendo mfupi kwa gari. Mnara wake wa matofali, wenye kimo cha mita 45, uliochorwa na Edwin Lutyens na kuzinduliwa 1932, una majina zaidi ya 72,000 ya ambao miili yao haikupatikana au haikutambulika. Usijaribu kuyasoma yote. Chagua nguzo moja, soma safu moja ya ukoo mmoja, inatosha. Pale Beaumont-Hamel mahandaki yenyewe yameachwa, yakiwa yamefunikwa na nyasi fupi, na vijana wa Kanada huwatembeza wageni bila malipo.

Mimi humpeleka mgeni Longueval, kwenye msitu wa Delville. Waafrika Kusini waliingia humo Julai 1916 wakiwa zaidi ya 3,000, na waliotoka kwa miguu yao siku sita baadaye hawakufika hata theluthi. Miti yote iliuawa isipokuwa mmoja, ambao bado umesimama nyuma ya makumbusho na umewekewa alama. Walioingia na bunduki walikuwa Wazungu. Waafrika weusi waliletwa Ufaransa kuwa vibarua, na Februari 1917 meli ya Mendi ilizama na zaidi ya 600 kati yao kabla haijafika. Kumbukumbu ya hapa ilikuwa kimya juu yao kwa muda mrefu. Ukuta mpya, uliozinduliwa 2016, unaorodhesha majina bila kutenga rangi. Mtu wa Dar es Salaam au Nairobi hawezi kupita pale bila kuwaza Kariakoo na Kariokor, majina yaliyobaki kutoka kambi za wapagazi wa vita hiyo hiyo kwetu. Walikufa kwa makumi ya maelfu. Sanamu ya askari wanayo, ukuta wa majina hawana.

Sasa jambo la usalama, na si la mzaha. Kando ya barabara ya shamba, chini ya nguzo ya umeme, nimewahi kukuta kitu mfano wa mchi mnene, chenye kutu na udongo mbichi bado umeng'ang'ania ubavuni. Ni kombora. Mkulima amelifukua kwa plau, akaliegemeza pale, akaendelea kulima akisubiri wataalamu wa mabomu waje kulichukua. Hutokea kila msimu, zaidi ya miaka 100 baada ya vita. Usiguse, usipige teke, usimsimamishe mtoto karibu upate picha. Hata kipande kidogo cha chuma kiache kilipo.

Kuhusu chakula: jikoni hufunguliwa saa sita mchana na kufungwa saa nane, na ukichelewa utaambiwa kwa upole kwamba hakuna. Jumatatu milango mingi imefungwa. Ingia na bonjour kabla ya neno lolote jingine. Kwa watu wa huku ni kama hodi. Muislamu ajue kwamba ficelle picarde, chapati laini ya maziwa na uyoga inayosifiwa kila mahali, ina nyama ya nguruwe ndani. Kome na samaki ni salama zaidi. Gâteau battu, mkate mtamu wa mayai mengi mithili ya kofia ya mpishi, ni wa kununua mzima.

Siku ya tatu panda treni ya kuelekea Boulogne, ushuke Noyelles-sur-Mer. Hapo hapo, katika miezi ya joto, huanzia garimoshi la zamani la makaa linalozunguka ghuba ya Somme, upande mmoja hadi Le Crotoy, upande mwingine hadi Saint-Valery, bandari ambako William wa Normandy aling'oa nanga mwaka 1066 kwenda kuiteka Uingereza. Anayetaka historia zaidi ana Crécy jirani, uwanja wa vita wa 1346. Atakuta mnara wa mbao na ngano.

Mimi ningeshuka topeni. Mtu wa pwani atajiona amerudi nyumbani: maji kujaa, maji kupwa, bamvua, maji mafu, yote yapo. Kinachobadilika ni kipimo. Unguja maji ya bamvua hupanda kama mita nne. Hapa hukaribia 10. Yakipwa, ghuba nzima hubaki mchanga na vijito hadi upeo wa macho, na yakirudi hayaji kutoka mbele tu. Hujaza kwanza mikondo iliyo nyuma yako. Ndiyo maana ghuba haivukwi bila mwongozaji, hata na mvuvi wa Kizimkazi. Ratiba za maji za Kifaransa huipa kila siku namba kati ya 20 na 120. Ikipita 90, jua ni bamvua ya kuheshimiwa.

Tulivuka tukiwa kumi na wawili, miguu mitupu. Katikati tope lilinishika hadi muundi na nikafanya kosa la kila mgeni, nikasimama nijinasue. Mwongozaji akaniambia nizungushe kisigino kwanza, kisha niende, maana anayezama ni anayesimama. Kisha akachuma kijani kidogo kilichonona, salicorne, akatugawia. Kitafune: ni chumvi na maji, basi. Kondoo wa malisho yale hula nyasi za aina hiyo, na nyama yao inauzwa kwa jina la heshima na bei ya heshima.

Kwenye ncha ya Le Hourdel, maji yakiwa yamepwa, sili hulala juu ya mafungu ya mchanga kama magogo. Chukua darubini, baki mbali. Wakishtuka huacha watoto wao. Kwenye hifadhi ya Marquenterre ng'ambo ya pili kuna domomwiko na korongo weupe. Usidhani korongo hao ndio wale wa Serengeti. Wa kwetu hutoka Ulaya ya mashariki na kupitia Bosporus. Wa huku huvuka Gibraltar kwenda Sahel.

Ukirudi Noyelles na bado una saa mbili kabla ya treni, tembea hadi kitongoji cha Nolette. Katikati ya mashamba kuna geti la mawe la Kichina na nyuma yake makaburi zaidi ya 800. Ni vibarua ambao Uingereza iliwaajiri kutoka China kuanzia 1917, wengi wao wa Shandong. Walipakua meli, walichimba mahandaki, na vita vilipokwisha ndio waliobaki kukusanya makombora na kuzika maiti za wengine. Wengi waliuawa na homa kuu ya mafua. Mawe mengi yana maandishi ya Kichina na namba. Mengine yana namba peke yake.

Angalia ratiba ya kurudi kabla hujaanza kutembea. Treni za jioni ni chache, na Nolette hakuna teksi.