Kila Mtu Boriti Yake

JUMATANO

Soma 2 Wafalme 6:1–7. Ni nani waliojenga makao mapya ya wana wa manabii, na kila mmoja alileta nini?

Shule ya manabii ilikuwa imekua, na mahali walipokaa palikuwa finyu. Wanafunzi hawakumngoja mfalme awajengee. Walikubaliana kwenda Yordani, kila mtu akakate boriti moja. Elisha angeweza kuwabariki na kubaki nyumbani, lakini walipomwomba aandamane nao, alikwenda. Kisha chuma cha shoka kikatumbukia majini, na aliyekuwa akikitumia akalia, maana kilikuwa cha kuazima. Mungu hakuliona deni la mwanafunzi maskini kuwa jambo dogo.

Soma 2 Wafalme 4:42–44. Katika siku za njaa, mtu mmoja kutoka Baal-shalisha alimletea Elisha malimbuko yake: mikate 20 ya shayiri. Watu 100 walikula, wakabakiza. Jina la mtoaji halikuandikwa, ila sadaka yake imeandikwa.

Historia ya kanisa letu ina mfano kama huo. Shule zetu za awali zilielemewa na madeni. Mwaka 1900 Ellen G. White alitoa kitabu chake Christ's Object Lessons ili mapato yake yapunguze madeni hayo. Nyumba za uchapishaji zilibeba sehemu ya mzigo, na washiriki wakakiuza kwa majirani zao. Mwandishi, wachapaji na washiriki, kila mmoja alileta boriti yake. Zaidi ya hayo, majirani wengi walipokea ujumbe wa injili mlangoni pao.

Tunapoisikia shule ikitajwa kanisani, ni rahisi kufikiri kwamba hilo ni jambo la wazazi wenye watoto pale, au la konferensi. Lakini mzazi anayekosa ada huketi nasi kila Sabato, na mara nyingi huona aibu kusema. Kanisa mahalia linaweza kuwa na mfuko wa ada unaosimamiwa kwa uwazi, na taarifa yake ikasomwa mbele ya washiriki. Mkulima anaweza kutoa gunia la mahindi kwa jiko la shule. Fundi seremala anaweza kutengeneza madawati yaliyovunjika. Mwalimu mstaafu anaweza kufundisha jioni wanafunzi walio nyuma. Hata asiye na fedha anaweza kumwombea mwanafunzi mmoja kwa jina.

Zingatia kwamba hakuna aliyeambiwa akate boriti zote. Vilevile, hakuna aliyeambiwa abaki nyumbani.

Je, unamjua mtoto wa kanisa lenu aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa ada? Kikundi chenu kinaweza kufanya nini kabla ya muhula ujao kuanza? Boriti yako wewe ni ipi?