Kuwasha 46 kwenye dashibodi

Matatu za Kawangware jijini Nairobi hubeba namba 46, na hiyo namba ni zoezi zuri kwa anayejifunza mikrokontrola. Kuwasha tarakimu moja ni rahisi mno. Kazi huanza zikiwa mbili.

Vifaa vyote viko Luthuli Avenue: bodi ya Arduino Uno, vioo viwili vya namba vya vipande saba, rezista saba za ohmu 330, mbili za ohmu 1,000 na transista mbili za BC547. Omba vioo vya katodi ya pamoja, na usiridhike na "ni hivyo tu, boss". Vipime hapohapo kwa multimita ikiwa kwenye alama ya dayodi: waya mweusi kwenye mguu wa katikati, mwekundu kwenye mingine. Vipande vikimulika, lipa.

Unganisha kipande a cha kioo kimoja na a cha kingine, vivyo hivyo hadi g, kisha upitishe kila jozi kwenye rezista ya 330 hadi pini 2 mpaka 8. Katodi ya kila kioo iende kwenye kolekta ya transista yake, emita kwenye graundi, besi kupitia ohmu 1,000 hadi pini 9 na 10. Wapo wanaoruka transista ili kuokoa shilingi chache. Kipande kimoja hula miliampea 9 hivi. 6 ina vipande sita, jumla 54, na kikomo cha pini ya Uno ni 40.

Kwenye programu, ukisoma kutoka g hadi a, 4 ni 1100110 na 6 ni 1111101. Onyesha 4 kwa milisekunde 5, kisha 6, urudie bila kukoma. Jicho litaona 46. Sasa kitazame kipande b cha 6, kile cha juu kulia. Hakifai kuwaka. Kikimulika kidogo, umebadilisha vipande kabla ya kuzima transista ya 6. Zima zote mbili, badilisha vipande, ndipo uwashe inayofuata. Usiweke delay(1000) popote: tarakimu moja itaganda na nyingine ipotee. Hesabu muda kwa millis().

Betri ya gari ni volti 12, na mabasi mengi 24, kwa hiyo tumia moduli ya kushusha volti ya LM2596, uirekebishe hadi volti 5 kabla ya kuifikisha kwenye pini ya 5V. Namba ikififia juani, badilisha zile 330 ziwe 220.