Nishani ya Bigsby na Bonde la Ufa

Nishani nyingi za sayansi humfikia mtaalamu wakati kazi yake imekwisha kamilika. Mwaka 1877 daktari wa tiba wa Uingereza, John Jeremiah Bigsby, ambaye pia alikuwa mpenzi mkubwa wa elimu ya miamba, alianzisha nishani ya namna nyingine katika Chama cha Jiolojia cha London. Yeye mwenyewe alikuwa amepita miaka 80, lakini aliweka sharti kwamba mpokeaji asizidi miaka 45. Alieleza kuwa mtu wa umri huo yaelekea hajazeeka kiasi cha kushindwa kuendelea na kazi, wala si mchanga kiasi cha kukosa kazi ya kuonyesha. Mpokeaji wa kwanza, Mmarekani Othniel Charles Marsh, mchunguzi wa visukuku vya farasi na vya ndege wenye meno, alikuwa na miaka 45 barabara.

Ni kazi ya namna gani iliyostahili kuonyeshwa? Mfano mmoja wapatikana Afrika Mashariki. Mwaka 1905 nishani hiyo alipewa John Walter Gregory, aliyezaliwa mwaka 1864. Safari iliyompatia sifa aliifanya mwaka 1893, akiwa na miaka 29, mtumishi wa makumbusho ya viumbe na miamba ya London. Msafara mkubwa aliofuatana nao ulikuwa umevunjika. Hapo aliondoka Mombasa na wapagazi wapatao 40, akapita Naivasha hadi Baringo, kisha akavuka Laikipia kwenda Mlima Kenya.

Swali lake lilikuwa hili: je, lile bonde kubwa lilichimbwa na mto? Mwanafunzi aweza kulijibu kwa ramani. Ziwa Magadi liko kwenye kimo cha mita 600 hivi juu ya usawa wa bahari, Naivasha karibu mita 1,890, na Baringo, kaskazini zaidi, chini kidogo ya mita 1,000. Sakafu ya bonde hupanda, kisha hushuka, na maziwa yake hayana mto uendao baharini. Maji hayapandi mlima. Kwa hiyo mto mmoja haukuweza kulichimba. Eduard Suess, mtaalamu wa Vienna, alikwisha fikiri mwaka 1891, kwa kusoma habari za wasafiri tu, kwamba ardhi ya hapo ilipasuka. Gregory alikwenda kuitazama miamba yenyewe. Akahitimisha kwamba kipande kirefu cha ardhi kilizama kati ya nyufa zinazokwenda sambamba, na kuta za pande mbili zikabaki juu. Jina alilolitumia kwa bonde la aina hiyo ndilo Kiswahili kinaloliita Bonde la Ufa.

Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili kwa vitabu vitatu vyenye unene sawa, vilivyosimamishwa na kubanwa pamoja kati ya viganja viwili. Viganja vikiachana kidogo, kitabu cha kati huteleza chini.

Katika Mlima Kenya aliona vifusi vya mawe vilivyoachwa na barafuto mbali chini ya mahali barafu ilipokuwa siku hizo, akatambua kwamba zamani barafuto hizo zilishuka zaidi. Mawe aliyoyakusanya hayakufika pwani yenyewe. Yalibebwa na wapagazi. Nishani huandikwa jina moja tu.

Yafaa kuangalia pia kwamba Gregory alitunukiwa bila kuijua sababu ya mpasuko ule. Elimu ya mabamba ya ardhi ilikamilika katika miaka ya 1960; ndiyo inayoeleza kwamba bamba la Nubia na bamba la Somalia huachana kwa milimita chache kila mwaka. Gregory, aliyekuwa rais wa chama kile mwaka 1928 hadi 1930, alitetea maoni kwamba nchi kavu zilizounganisha mabara zilididimia baharini. Maoni hayo yameachwa. Ushahidi wake wa nyufa umedumu.

Sharti la umri lina kasoro yake. Aliyechelewa shule, au mama aliyesimamisha utafiti ili alee watoto, huhesabiwa miaka ambayo hakuitumia maabarani. Kwa sababu hiyo nishani ya Macelwane, inayotolewa na Umoja wa Jiofizikia wa Marekani, ambayo zamani ilihesabu miaka ya kuzaliwa, sasa huhesabu miaka tangu mtu apate shahada ya uzamivu, isiyozidi 10. Hesabu hii ni ya haki zaidi, ingawa nayo huanza na cheti, si na kazi.

Ama matumaini ya Bigsby kwamba mpokeaji angeendelea kufanya kazi, Gregory aliyatimiza. Alirudi Kenya mwaka 1919, akatoa kitabu cha pili juu ya mabonde ya ufa mwaka 1921. Mwaka 1932, akiwa na miaka 68 na katika safari ya kuchunguza miamba ya milima ya Andes, alikufa maji katika mto Urubamba nchini Peru.